Mbizi ya Kwanza Isikufilisi

Leo nazungumza na wewe ambaye kwa miaka umekuwa ukitamani kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, uwaone kasa na matumbawe kwa macho yako mwenyewe, lakini kila ukiuliza bei unarudi nyuma. Pengine wewe ni mwalimu wa sekondari Morogoro, au muuguzi Kampala, au kijana wa Kisauni uliyezaliwa karibu na ufuko na hujawahi kuona kilichoko chini ya ule mwamba unaovunja mawimbi. Swali lako ni hili: niende wapi nikajifunze, nisije nikafilisika?

Jibu langu nitalitoa mapema. Unafuu wa kupiga mbizi haupimwi kwa ada iliyoandikwa kwenye bango la kituo. Upime kwa dakika utakazokaa ndani ya maji ukiwa salama, umetulia, na unaona kitu. Ukipiga hesabu hiyo, wengi wetu wa Afrika Mashariki tutagundua kwamba mahali nafuu kuliko pote ni pwani yetu wenyewe, mradi tuchague mwezi unaofaa, maji yanayofaa na mwalimu anayefaa.

Kwanza tuelewane tunanunua nini. Kozi ya kwanza ya kimataifa, ambayo cheti chake hutolewa na mashirika kama PADI, lililoanzishwa Marekani mwaka 1966, humruhusu mtu mzima kushuka hadi mita 18. Ina sehemu 3: masomo ya nadharia, mazoezi kwenye bwawa au kwenye maji yaliyotulia, na mbizi 4 baharini. Kabla hujapewa cheti utatakiwa uogelee mita 200 bila kusimama, bila kushindana na saa, na uelee kwa dakika 10. Ukishapata cheti ni chako, na kinatambuliwa Zanzibar, Misri na Thailand vilevile. Kwa hiyo huna haja ya kusomea mahali penye jina kubwa. Tafuta mahali utakapofundishwa vizuri.

Sasa tuyatazame majina yanayovuma. Mtu yeyote anayeuliza kozi ya bei ya chini duniani atatajiwa sehemu 3: Koh Tao ya Thailand, Utila ya Honduras na Dahab ya Misri. Huko kozi kwa kawaida hugharimu dola 300 hadi 400 hivi, wakati kwetu huanzia dola 400 na huweza kufika 600. Tofauti hiyo ina sababu zake, na ukizijua utajua pia kama inakuhusu.

Koh Tao ni kisiwa kidogo, kilomita za mraba 21 tu, na vituo vya mbizi vimebanana kila upande. Vinashindana kwa wateja, kwa hiyo bei inashuka. Ghuba zenye maji mafupi ziko karibu, mashua haziendi mbali, na mara nyingi kitanda huingizwa ndani ya ada ya kozi. Utila nayo iko kwenye Bahari ya Karibi, kando ya mfumo wa matumbawe ambao ni wa pili kwa urefu duniani baada ya ule wa Australia, na inaendeshwa kwa mtindo huohuo wa vituo vingi na vijana wengi wenye mifuko myepesi. Dahab ina sababu tofauti. Katika Ghuba ya Akaba mwamba unaanzia hatua chache kutoka nchi kavu. Unavaa mtungi wako, unatembea kwa miguu hadi majini, unazama. Hakuna mashua, hakuna mafuta, hakuna nahodha wa kulipwa.

Kwetu pwani haiko hivyo. Sehemu nyingi za Kenya na Tanzania mwamba umejenga ukuta mbali na ufuko, na ndani ya ukuta kuna maji mafupi ambayo yakipwa, akina mama hutembea humo kwa miguu wakitafuta pweza. Ili ufike penye kina lazima mashua ivuke mlango wa mwamba. Mashua inataka mafuta, nahodha na baharia. Mitungi, mashine ya kuijaza hewa na vifaa vya kupumulia huagizwa kutoka nje, na vinalipiwa ushuru. Basi ukiambiwa bei ya Watamu au Nungwi usidhani unaibiwa. Sehemu kubwa ya fedha hiyo inaishia kwenye injini na bandarini.

Lakini weka tiketi ya ndege kwenye mizani. Mtu wa Nairobi anayeenda Koh Tao atalipa nauli inayozidi ada ya kozi nzima, kisha basi na meli ya kumvusha hadi kisiwani. Anayeenda Utila atapitia Ulaya au Marekani na atahangaika na viza za njiani. Anayeenda Dahab ataruka hadi Cairo, aruke tena au apande basi hadi Sinai. Dola 150 hivi alizookoa kwenye kozi zimekwisha kabla hajagusa maji. Kwa ndugu zetu mnaotusikiliza mkiwa Ulaya hesabu ni tofauti: kutoka huko kuna ndege za bei ya chini hadi Sharm el-Sheikh, na Dahab iko karibu, kwa hiyo kwenu ni chaguo la busara. Nanyi mlioko Maskati mna visiwa vya Daymaniyat, hifadhi yenye kasa na matumbawe, safari fupi ya mashua. Kanuni ni hiyohiyo kwa wote: anza kuhesabu kutoka mlangoni kwako.

Na ukifika Dahab, sikiliza neno hili. Kuna shimo maarufu baharini pale linaloitwa Blue Hole, lenye kina cha zaidi ya mita 90. Ndani yake kuna upinde wa mwamba ulioko kwenye kina kinachozidi mita 50, na wapiga mbizi wengi wamefia humo wakijaribu kuupita. Kwenye jabali la ufukweni yamebandikwa mabamba yenye majina yao. Mwanafunzi hana kazi kwenye upinde ule, hata akiahidiwa na rafiki mwenye uzoefu.

Nimetaja kina. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza fedha bila kujua, kwa hiyo tupige hesabu pamoja, taratibu. Mtungi wa kawaida una ujazo wa lita 12, na hujazwa hadi bar 200. Unatakiwa urudi juu ukiwa na akiba ya bar 50, kwa hiyo una bar 150 za kutumia. Zidisha kwa 12, unapata lita 1,800 za hewa. Mtu mgeni, mwenye wasiwasi kidogo, huweza kuvuta lita 25 kwa dakika akiwa juu. Lakini kila mita 10 unazoshuka, uzito wa maji huongeza kanieneo sawa na ile ya hewa yote iliyoko juu yetu. Ukiwa mita 10 kila pumzi inachukua hewa mara mbili, ukiwa mita 20 mara tatu. Kwa hiyo mita 20 chini unatumia lita 75 kwa dakika, na mtungi wako unakutosha dakika 24. Mwamba ukiwa na kina cha mita 8, unatumia lita 45, na unapata dakika 40. Mtungi ni uleule na bei ni ileile.

Tena katika zile mita 8 ndiko kwenye jua, rangi na samaki wengi. Rangi nyekundu hupotea kwanza kadiri unavyoshuka, na ukifika kina kirefu kila kitu kinaelekea bluu. Kitatange, pono na tasi wanakula kwenye matumbawe ya juu ambako mwanga upo. Mkunga anakuchungulia kutoka kwenye tundu lake hapohapo. Kwa mgeni, mwamba mfupi una mambo mengi kuliko ukuta mrefu, na unampa muda wa kuyatazama.

Ndiyo maana nasema Pemba isubiri. Pemba ina kuta za matumbawe zinazosifiwa dunia nzima, na mkondo wa bahari kati yake na bara una kina cha mamia ya mita. Maji yake ni safi, lakini kuta ni ndefu na mikondo ina nguvu. Mgeni aliyelipa fedha nyingi kufika Pemba atakuwa na shughuli ya kutazama kipimo chake cha hewa badala ya kutazama bahari. Nenda Pemba mwaka wa pili au wa tatu, utaifurahia. Vivyo hivyo Tofo ya Msumbiji, yenye taa wakubwa na papa potwe: mbizi zake nyingi ni za kina, na mashua huondokea ufukweni kwa kupasua mawimbi.

Basi twende wapi? Nitataja sehemu chache, na sababu zake.

Ya kwanza ni Mji Mkongwe wa Unguja. Wageni wengi huupita mbio wakielekea fukwe za kaskazini. Mji Mkongwe uko upande wa magharibi, umekingwa na kisiwa chenyewe, na mbele yake kuna visiwa vidogo na mafungu kama Bawe na Pange ambako mashua hufika haraka. Kuna mabaki ya meli iliyokuwa ikilaza nyaya za telegrafu chini ya bahari, ambayo ilizama mwanzoni mwa karne ya 20 na imelala kwenye kina cha mita 12 hivi, kina kinachomfaa kabisa mwanafunzi. Malazi mjini yapo ya kila bei, na jioni unakula kwa mama lishe Darajani bila kuvunja mfuko.

Mtazame mwanafunzi kwenye mchanga wa Bawe, mita 5 chini, asubuhi yake ya kwanza. Amepiga magoti. Mwalimu yuko mbele yake, umbali wa mkono. Anaonyeshwa kwa ishara: ingiza maji kwenye miwani yako. Anavuta ukingo wa juu kwa kidole, maji ya chumvi yanajaa hadi machoni, na mwili wote unamwambia akimbilie juu. Mwalimu anamshika kwenye bega la jaketi, bila kumkandamiza, anamwonyesha kifua chake mwenyewe kinavyopanda na kushuka. Pumua kwa mdomo. Kisha mwanafunzi anainua uso, anabana ukingo wa juu wa miwani kwenye paji la uso, anatoa pumzi ndefu kwa pua, na maji yanasukumwa nje kwa chini. Anafungua macho. Anaona. Zoezi hilo ndilo linalompa mtu bahari, na linahitaji mambo 3 tu: maji yasiyo na mkondo, kina kifupi, na mwalimu asiye na haraka. Popote utakapopata hayo matatu, nusu ya kozi umeshaipata.

Ya pili ni Ghuba ya Chole, kisiwani Mafia, ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Ndani ya ghuba maji yamekingwa, na mtu anaweza kufundishwa karibu mwaka mzima. Kuna ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, na kwa mwenye subira kuna njia ya Nyamisati, ambako vyombo huvuka hadi Kilindoni. Ada ya hifadhi kwa mwananchi ni ndogo kuliko ya mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho chako. Na kuanzia Oktoba hadi Februari papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huja karibu na Kilindoni kula viumbe wadogo wa majini. Kumwona huhitaji mtungi. Miwani na mrija wa kupumulia vinatosha, na hiyo ni burudani kubwa kwa bei ndogo.

Ya tatu ni pwani ya Kenya. Watamu, pamoja na Malindi, ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza barani Afrika, na ulinzi huo wa muda mrefu unaonekana kwa wingi wa samaki. Kusini kuna Diani, na mbele zaidi Shimoni na Wasini, ambako mashua hupeleka watu kwenye hifadhi ya Kisite-Mpunguti. Kwa mtu wa Nairobi, treni ya reli ya kisasa iliyoanza safari mwaka 2017 inamfikisha Mombasa kwa siku moja. Hapa pia wananchi hulipa ada ya hifadhi iliyo chini ya ile ya wageni, na vituo vingine vina bei ya wakaazi. Haiandikwi mbele kila mara. Iulize.

Na ya nne haina chumvi. Ukiwa Mbeya, Songea au Iringa, bahari iko mbali, lakini Ziwa Nyasa liko karibu. Upande wa Malawi, miji ya Nkhata Bay na Cape Maclear ina sifa ya kufundisha mbizi kwa bei ya chini. Kutoka Mbeya unapanda basi hadi mpakani Kasumulu, unapita Karonga na Mzuzu, unafika Nkhata Bay. Hakuna kupwa wala kujaa, na miongoni mwa mawe kuna mamia ya aina za samaki wa rangi ambao wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Sehemu ya kusini ya ziwa hilo iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1984 kwa sababu ya samaki hao. Kuna jambo moja la kuangalia: kichocho. Epuka kuoga kwenye maji yaliyotuama yenye majani kando ya ufuko, na ukirudi nyumbani nenda hospitali ukapimwe, upewe dawa ikihitajika.

Wasikilizaji, mahali ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni wakati, na hapa wazee wetu wa pwani wana elimu kuliko kitabu chochote cha utalii. Kusi ikivuma, kuanzia mwezi wa Mei hivi hadi Septemba, bahari ya nje huchafuka, hasa pande zinazotazama kusini na mashariki. Masika nayo hujaza mito: Sabaki humwaga udongo karibu na Malindi, Rufiji humwaga wake upande wa Mafia, na maji yanakuwa ya kahawia. Vituo kadhaa vya Kenya hufunga kabisa miezi hiyo. Ukikuta kozi ya bei ya kutupa mwezi wa Mei au Juni, jua sababu yake. Msimu mzuri unaanza matlai, Oktoba na Novemba, wakati kusi imelegea na kaskazi haijashika. Maji yanatulia, mwanga unapenya, na wageni wa Krismasi hawajafika, kwa hiyo vyumba bado vina bei ya kawaida. Mtu mwenye fedha kidogo, Oktoba ndio mwezi wake.

Baada ya kuchagua mwezi, tazama mwezi wa mbinguni. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu kuna bamvua: Zanzibar maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na maji yote hayo lazima yapite kwenye milango ya mwamba. Pale Mafia, kwenye mlango wa Kinasi, mkondo wa bamvua humchukua hata hodari. Maji mafu, siku ya 7 hadi ya 10 tangu mwezi kuandama, na tena siku ya 22 hadi ya 25, ndiyo siku za mwanafunzi. Mkondo unapungua, na mchanga unakaa chini. Ukipanga mbizi zako 4 ziangukie hapo, umejiongezea dakika nyingi bila kulipa hata senti. Ukimuuliza mvuvi yeyote atakwambia leo ni siku ya ngapi.

Tuseme sasa juu ya kubana matumizi. Bana hapa. Jifunze kuogelea kwanza huko uliko, kwa ada ndogo ya bwawa, ili usilipe siku za hoteli ukijifunza kuelea. Na nyinyi akina dada mnaohofia mavazi: suti ya mbizi inafunika mwili tangu shingoni hadi vifundoni, na kule Nungwi mradi wa Panje ulishawafundisha wasichana kuogelea kwa mavazi ya kujisitiri. Nadharia isomee nyumbani kwa simu yako. Mazoezi ya bwawani unaweza kuyafanya mjini kwako ukimpata mwalimu, na Nairobi wapo, kisha ukaenda pwani kwa zile mbizi 4 tu. Kwa utaratibu wa PADI una miezi 12 ya kuzikamilisha. Hiyo inakupunguzia siku mbili au tatu za malazi. Nendeni watu 3 au 4 pamoja mkaombe bei ya kikundi. Usinunue vifaa, kodi. Ukitaka kununua kitu kimoja, nunua miwani inayokaa vizuri usoni mwako, kwa sababu miwani inayovuja huharibu kila kitu. Na kama huna hakika unaupenda mchezo huu, lipia kwanza mbizi moja ya majaribio, ile isiyozidi mita 12.

Usibane hapa. Usibane kwa mwalimu. Kanuni ya PADI ni wanafunzi wasiozidi 8 kwa mwalimu mmoja baharini, lakini 4 ni bora, na mwoga aombe wawili. Usikubali mashua isiyo na oksijeni ya dharura, wala mashua inayoachwa bila mtu wakati nyote mko chini. Tazama mtungi: tarehe ya kupimwa kwake hugongwa kwenye chuma, karibu na shingo. Vuta hewa yake kabla ya kuondoka. Hewa njema haina harufu, na ikinuka moshi au mafuta, rudisha. Jaza fomu ya afya kwa ukweli, hasa kama una pumu, ugonjwa wa moyo, au una ujauzito, na muone daktari. Ukiwa na mafua, ahirisha, kwa maana masikio yaliyoziba hayashuki. Chukua bima ya wapiga mbizi. Uliza chumba cha kutibia ugonjwa wa mbizi kilicho karibu kiko wapi na mtafikaje. Kituo kizuri kina jibu mdomoni. Wahenga walisema bahari haishi zinge, na nahodha mwema hakasiriki kuulizwa.

Kuna jambo la mwisho la usalama ambalo linatuhusu sisi kuliko watalii wa Ulaya. Unapokuwa chini, naitrojeni ya hewa unayovuta huyeyuka na kuingia mwilini. Ukipanda polepole, inatoka kidogo kidogo kwa pumzi. Ukiwahi mahali pa juu mno kabla haijaisha, hutengeneza mapovu kwenye viungo na mishipa. Kwa sababu hiyo hushauriwi kupanda ndege kabla ya saa 18 kupita baada ya siku kadhaa za mbizi. Wengi wanalijua hilo la ndege. Wanachosahau ni mlima. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Mbeya vilevile. Arusha iko mita 1,400. Ukipiga mbizi Diani mchana, ukapanda basi la usiku kwenda Nairobi, mwili wako hautofautishi basi na ndege. Mbizi ya mwisho iwe asubuhi, kisha lala pwani usiku mmoja zaidi, upande basi kesho yake jioni. Gharama ya usiku huo iandike kwenye bajeti tangu mwanzo, isije ikakushawishi uondoke mapema.

Wasikilizaji, nataka mambo haya yafike mbali kuliko starehe. Kwenye mashua za mbizi za pwani yetu, wanaobeba mitungi ni vijana wetu, na wanaoivaa kwa kawaida ni wageni. Wapo vijana wengine wanaoivaa bila kufundishwa, wanashuka usiku na mchana kutafuta majongoo ya bahari, wanapanda haraka kwa sababu hawakuambiwa, na wapo waliorudi nyumbani wamepooza miguu. Elimu ambayo ingewaokoa ni ileile inayofundishwa siku ya kwanza ya kozi: panda polepole, usizuie pumzi, pumzika dakika 3 ukiwa mita 5. Vituo vya mbizi vinavyopata riziki kwenye miamba hii vina deni kwa vijiji vilivyo mbele yake. Kila msimu wa matlai, kila kituo kikichukua kijana mmoja wa kiume na mmoja wa kike wa kijiji hicho kikawafundisha bure, baada ya miaka michache tutakuwa na walimu wanaofundisha kwa Kiswahili, na bei kwa mwananchi itashuka, kwa sababu mwalimu hatalazimika kuletwa kutoka ng'ambo.

Tena anayeuona mwamba kwa macho yake huutetea. Matumbawe yetu yalipauka vibaya mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, na yamepauka tena mwaka 2016 na 2024. Wanaoamua juu ya nyavu, baruti na majitaka ya miji yetu wengi hawajawahi kuona kinachoharibika. Mwalimu wa Morogoro akijifunza mbizi, ana darasa zima la kulisimulia.

Kwa hiyo wiki hii fanya haya. Chukua kalenda, utafute siku za maji mafu za mwezi wa Oktoba au Novemba. Piga simu kwenye vituo vitatu vya sehemu iliyo karibu nawe, usianze na bei. Uliza: mwalimu mmoja ana wanafunzi wangapi, mbizi za mafunzo zinafanyika kwenye kina gani, mashua ina oksijeni, na mna bei ya mwananchi? Atakayekujibu maswali yote manne kwa uvumilivu, huyo ndiye wa kumlipa, hata akizidi mwenzake kwa dola chache. Kisha anza kuweka akiba, na jioni ya leo nenda bwawani ukaogelee. Mimi nawatakia maji matulivu.